Atakayelala Huko Ni Nani?

Wazazi wenzangu mnaoishi Uingereza, ninyi ambao kijana wenu ametimiza miaka 13 na meza imejaa vipeperushi vya shule za bweni, nawasihi: mwiteni aketi nanyi. Leo hii, kabla hamjajaza fomu hata moja.

Mimi nilipelekwa bweni nikiwa na miaka 14. Marehemu baba aliniambia usiku. Asubuhi tukapanda basi, tranka langu la bati juu ya keria. Shule ile ilifaulisha, nami nilifaulu. Lakini kwa miaka minne sikumwambia mwalimu hata mmoja neno lililokuwa moyoni mwangu, maana fimbo haikuwa mbali. Baba alinipenda mno. Ila hakuniuliza. Je, nasi tutawafanyia wetu vivyo hivyo?

Zipo shule za bweni zinazompa mtoto sauti, nami nawasikia mkisema zitamharibu. Itazameni Summerhill, aliyoianzisha A. S. Neill mwaka 1921, na ambayo tangu 1927 iko Leiston, Suffolk. Pale mtoto haburutwi darasani, na sheria za shule hupigiwa kura mkutanoni: mtoto mdogo kura moja, mwalimu kura moja. Wakaguzi wa serikali waliikosoa vikali mwaka 1999, na shauri likafika mahakamani London. Machi 2000, serikali ilipotaka yaishe kwa mapatano, wanafunzi walifanya mkutano wao humo humo mahakamani, wakayajadili masharti, wakapiga kura kuyakubali. Watoto! Niambieni, hao wameharibika wapi?

Huko Bedales, shule iliyofunguliwa mwaka 1893 na ambayo sasa iko Hampshire, mwanafunzi humwita mwalimu kwa jina lake. Najua mnavyoshtuka, sisi tuliolelewa kwa shikamoo. Shikamoo ibaki nyumbani, tena tuidai! Lakini msimnyime mtoto mwalimu anayeweza kumwendea.

Wala msidanganywe na maneno matamu. Nendeni siku ya kawaida, si siku ya wageni. Ulizeni Jumamosi jioni, wa kutwa wakishakwenda kwao, wa bweni hufanya nini. Ulizeni ni nani huamka mtoto akilia saa nane za usiku. Ingieni jikoni mwulizie nyama halali, mwulizie na mahali pa kuswali. Ada ni nzito, na tangu Januari 2025 imeongezewa kodi ya asilimia 20. Ulizeni ufadhili bila haya, na kama hamwezi, msikope kwa ajili ya sifa. Kisha mwacheni kijana azungushwe na wanafunzi, ninyi mkae kando.

Nilipompeleka binti yangu kutazama shule moja ya namna hiyo, tulisimama mlangoni mwa karakana ya useremala. Msichana wa rika lake, vumbi la mbao kwenye nyusi, alimwambia mwalimu wake kuwa kipimo cha mguu wa stuli kimekosewa. Mwalimu hakukunja uso. Alichukua futi, akapima upya, akasema kweli, nimekosea, akampa penseli achore mwenyewe. Binti yangu alinibana mkono. Ndani ya gari alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mama, umemwona? Amekubali."