Bondia Asiyepewa Ulingo

Desemba 1992, jijini London, bondia Riddick Bowe aliuchukua mkanda wake wa shirikisho la WBC na kuutumbukiza kwenye pipa la taka mbele ya waandishi wa habari. Ilikuwa imepita takriban mwezi mmoja tu tangu amnyang'anye Evander Holyfield ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. WBC ilimtaka apigane na mpinzani wa lazima, Lennox Lewis, ambaye Oktoba 31 alikuwa amemmaliza Razor Ruddock katika raundi ya pili. Mazungumzo ya fedha yalishindikana, Bowe akaona heri auache mkanda. Waliokuwa na kumbukumbu walirudi nyuma hadi Seoul, fainali ya Olimpiki ya 1988, ambako Lewis alimshinda Bowe raundi ya pili kabla pambano halijafika mwisho. Wawili hao wamestaafu bila kukutana katika ngumi za kulipwa.

Je, Bowe aliogopa? Mtu aliyeingia ulingoni na Holyfield mara tatu ni vigumu kumwita mwoga. Lakini kumkwepa mpinzani si lazima kutokane na woga wa bondia. Mara nyingi uamuzi hufanywa na watu waliovaa suti, wakiwa wamekaa mezani: promota, meneja, mwenye televisheni. Wanauliza mpinzani ni hatari kiasi gani, na jina lake litauza tiketi ngapi. Mwenye jina kubwa, hata akikupiga, umeondoka na fedha. Mwenye ngumi nzito asiyejulikana anaweza kukuharibia kila kitu kwa malipo kiduchu.

Hassan Mwakinyo wa Tanga alilionyesha hilo Septemba 8, 2018, mjini Birmingham. Aliitwa zikiwa zimebaki siku chache, ili Sam Eggington, aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya, apate ushindi mbele ya mashabiki wa nyumbani kwake. Mtanzania huyo alimmaliza katika raundi ya pili. Kila promota aliyeliona pambano lile alipata sababu mpya ya kuwaogopa vijana wasio na jina.

Zamani fedha haikuwa kizuizi pekee. Bingwa wa uzito wa juu John L. Sullivan alitangaza waziwazi kwamba hatapigana na mtu mweusi. Peter Jackson, bondia mweusi mzaliwa wa Karibi aliyekuwa bingwa wa Australia, alipigana na James Corbett huko San Francisco mwaka 1891 kwa raundi 61 bila mshindi kupatikana. Mwaka uliofuata Corbett akapewa nafasi ya kumvaa Sullivan, akawa bingwa. Jackson alifariki mwaka 1901 bila kuionja nafasi hiyo.

Baada yake akaja Sam Langford, na hapa ndipo panapouma zaidi. Langford alizaliwa Nova Scotia, Kanada, akahamia Boston akiwa bado kijana. Mwaka 1903 alimshinda kwa pointi Joe Gans, bingwa wa dunia wa uzito mwepesi, lakini ubingwa haukuwa mezani siku ile. Aliendelea kupanda uzito hadi akawa anapigana na wanaume waliomzidi kimo na kilo nyingi, na bado wengi wao aliwaangusha. Jack Dempsey, aliyekuja kuutwaa ubingwa wa uzito wa juu mwaka 1919, alikiri katika kitabu cha maisha yake kwamba alimwogopa Langford, na kwamba alipotakiwa kupigana naye alikataa.

Mtu angetegemea kuwa mlango ungefunguliwa na Jack Johnson, bingwa wa kwanza mweusi wa uzito wa juu. Johnson mwenyewe alilazimika kumfuata Tommy Burns hadi Sydney ili apate pambano la Desemba 26, 1908. Burns alihakikishiwa dola 30,000, Johnson akaridhika na 5,000, kisha akampiga. Aliujua uchungu wa kuzungushwa. Lakini Langford, ambaye Johnson alikuwa amemshinda kwa pointi mwaka 1906, hakupewa pambano la ubingwa hata mara moja katika miaka zaidi ya sita ya utawala wa Johnson. Mapambano dhidi ya Wazungu ndiyo yaliyoleta fedha. Mweusi pekee aliyepewa nafasi ya kuwania taji lake ni Battling Jim Johnson, mjini Paris, Desemba 1913. Langford, Joe Jeannette na Sam McVey wakabaki kupigana wao kwa wao, mwaka baada ya mwaka, hadi miili ikachakaa.

Macho ya Langford yaliharibika ulingoni. Mwaka 1944 mwandishi Al Laney alimkuta Harlem akiwa kipofu na maskini, akaandika habari zake, na wasomaji wakachanga fedha za kumtunza. Ni wema wa kushukuriwa, lakini ulikuja miaka 30 baada ya haki yake.

Mwaka huohuo wa 1944, Charley Burley wa Pittsburgh, bondia mwingine aliyekwepwa, alimshinda Archie Moore kwa pointi. Moore alisubiri hadi Desemba 1952, akiwa na umri ambao wengi wameshatundika glovu, ndipo akapata pambano la ubingwa. Bingwa Joey Maxim alihakikishiwa dola 100,000, Moore akaondoka na 800 pamoja na taji. Burley hakupata hata pambano la ubingwa. Alimaliza maisha yake ya kazi akizoa taka katika jiji lake.

Ni kweli kwamba si kila anayelalamika amekimbiwa. Wapo wanaodai malipo ya bingwa kabla ya kuwa mabingwa, na wapo waliokataa mapambano ya kupanda ngazi kisha wakasema wanaogopwa. Mashabiki wana haki ya kutazama rekodi kabla ya kuamini kelele.

Marvin Hagler alikuwa na rekodi. Alianza ngumi za kulipwa mwaka 1973, akapata pambano lake la kwanza la ubingwa wa uzito wa kati Novemba 1979, baada ya wanasiasa wa Massachusetts kuingilia kati. Likaisha kwa sare. Septemba 1980 akamsimamisha bingwa Alan Minter pale Wembley, akatwaa taji. Kinachomtukuza ni alichofanya akiwa juu. John Mugabi wa Kampala, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow, alikuwa amewamaliza wapinzani wake wote kabla ya kengele ya mwisho. Kwa hesabu ya mezani, huyo ni wa kukimbiwa. Hagler alimkubali, na Machi 10, 1986, huko Las Vegas, walipigana hadi raundi ya 11 ndipo Mugabi akaanguka. Miaka mitatu baadaye Mugabi alitwaa mkanda wa WBC wa uzito wa chini kidogo.

Leo kuna mashirikisho ya WBA, WBC, IBF na WBO, na kila moja lina kanuni ya mpinzani wa lazima. Kanuni hiyo huchezewa: bingwa huahirisha, au mpinzani hulipwa fedha ili asubiri. Miaka ya bondia ni michache na hairudishwi na malipo hayo. Mashirikisho yapange tarehe na kuzisimamia, na bingwa anayekataa avuliwe mkanda bila majadiliano. Nasi wapenzi wa ngumi, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, tunapoletewa bingwa ambaye hajapigwa, tuulize kwanza ni nani aliyeomba kupigana naye akanyimwa.