MFIWA HULISHWA, HALISHI

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba mauti na uhai, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Swali limpasalo kila mwenye akili katika watu wa pwani ni hili: watu wakusanyikapo nyumbani kwa mfiwa, huwa wamekwenda kumtua mzigo au kumtwika? Mikeka hutandikwa, kahawa hutembezwa, masufuria huinjikwa, na kila ajaye husema amekuja kuhani. Lakini mchele ule ni wa nani, na kuni zile zimelipwa na nani?

Mwaka wa 8 wa Hijra (629), Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume s.a.w., aliuawa katika vita vya Muuta, nchi ya Sham. Habari zilipofika Madina, Mtume s.a.w. aliamrisha jamaa za Jaafar wapikiwe chakula, naye akaitaja sababu yake, kwamba limewafikia jambo lenye kuwashughulisha. Hadithi hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah. Na katika sababu ile mna hekima kubwa. Huzuni ni shughuli, tena shughuli isiyoacha nafasi ya nyingine. Aliyefiwa husimama mbele ya meko asikumbuke alilolifuata. Basi chakula chapasa kitoke kwa jirani kiingie nyumba ya msiba, si kitoke nyumba ya msiba kiingie matumboni mwa majirani. Ndipo Imam Nawawi katika Minhaj akaeleza kuwa ni sunna majirani wawaandalie watu wa maiti chakula cha kuwashibisha mchana wao na usiku wao, tena wawahimize kula. Na sahaba Jarir bin Abdallah, katika habari aliyoipokea Ibn Majah, alieleza kuwa wao wakihesabu kukusanyika kwa watu wa maiti na kupikwa chakula huko kuwa ni katika jumla ya maombolezo yaliyokatazwa.

Wala Mtume s.a.w. hakukomea kwenye chakula. Aliwaacha jamaa za Jaafar siku tatu walie, kisha akawakataza kulia baada yake, akataka aletewe watoto wa Jaafar, akamwita kinyozi akawanyoa vichwa vyao. Na atazame mwenye kutazama: siku za kilio zilipokwisha, ndipo kazi ya mayatima ilipoanza. Watu wengi leo hufanya kinyume chake. Hujaa nyumba siku tatu, na matanga yakisha anuliwa, hapana apitaye tena mlango ule.

Na uchukuliwe mfano wa mvuvi aliyekufa akaacha mke, watoto watatu wadogo, ngalawa moja na magunia mawili ya mchele. Siku ya tatu gunia la kwanza limekwisha. Siku ya saba ngalawa imewekwa rehani apatikane mbuzi wa hitima. Siku ya arobaini wageni wamekwisha mwombea maiti, wamekwenda zao, na kizuka yumo ndani ya eda yake ya miezi minne na siku kumi, hana cha kuwapa wanawe. Je, waliokula walikula nini? Mali ya maiti kwanza hutoa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ni cha warithi. Wale watoto watatu ni warithi. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Nisaa amewahofisha kwa moto wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma, wala hakuivua pilau ya matanga.

Huenda mtu akasema: mwenyewe mjane ndiye aliyesema pikeni. Jawabu yake ni kwamba mjane hana ruhusa ya kutoa fungu la watoto, na mtoto asiyebaleghe ridhaa yake si ridhaa. Ama fungu lake mwenyewe, na litazamwe neno lake limetoka wapi. Amesema pikeni kwa kuwa aliogopa kuchekwa. Na wanavyuoni wamesema kwamba kilichotwaliwa kwa upanga wa haya, pasipo moyo kuridhika, si halali kwa aliyekitwaa. Aibu anayoiogopa mjane haikuwa yake. Ni ya wale wanaoketi kungoja sinia.

Mwingine atasema: basi maiti akoseshwe sadaka? Hasha. Sadaka humfikia maiti, na kumwombea dua ni jambo jema. Lakini sadaka ni ya mtu mzima katika mali yake kwa radhi yake. Anayetaka kumsadikia rafiki yake aliyekufa na afungue kanda lake mwenyewe, na wageni waliotoka mbali walishwe na mtaa.

Tena liko deni. Maiti mmoja aliletwa asaliwe, naye alikuwa na deni la dinari mbili, Mtume s.a.w. hakumsalia hata Abu Qatada alipojitwika deni lile. Basi mwenye kulipa deni la maiti amemtuliza maiti na mfiwa pamoja, na jambo hilo lapita mbuzi kumi.

Kwa hivyo yawapasa watu wa kila mtaa wapatane kabla msiba haujafika: nani atapika siku ya kwanza, nani ya pili, nani ya tatu, nani ataulizia madeni, nani atamtazama kizuka mpaka eda yake iishe, nani atawapeleka watoto chuoni. Na aendaye kuhani aseme neno jema la kumwombea mfiwa ujira na maiti maghufira, asimkemee kwa machozi, kwani Mtume s.a.w. mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Kisha anyanyuke, ende zake, na arudi mwezi wa pili amechukua pishi ya mchele. Wazee wamesema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki; na dhiki ya mfiwa huanza pale mikeka inapokunjwa.

Wallahu aalam.