Mtaro wa Mbele ya Mlango

Mtu akiulizwa, "Mtaro ule upitao mbele ya nyumba yako ni wa nani?" hujibu upesi, "Ni wa Serikali." Akiulizwa tena, "Na maji yapitayo ndani yake, je?" hunyamaza. Nami nilipata kunyamaza vivyo hivyo.

Shamba langu li kando ya barabara itokayo Itigi kuja Tabora, upande ule ule misafara ya kale ilikoingilia ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi wa Novemba 1857, njia ile haikuwa na mtaro. Ilikuwa ujia wa mtu mmoja, wapagazi wakifuatana kama siafu na mizigo ya nguo na pembe. Mti ukianguka, wa mbele aliuzunguka na wa nyuma wakamfuata. Hata mti ulipokwisha kuoza, pindo la njia likabaki. Watemi walilipwa hongo msafara upite, lakini kuitengeneza njia haikuwa kazi ya mpita njia. Wala siwalaumu. Maji ya mbuga yalikwenda yapendako, na aliyeyazunguka hakumdhuru mtu.

Barabara ya leo ni jambo jingine. Imeinuliwa kama tuta, nayo huyakusanya maji yaliyokuwa yakitambaa pote, ikayapeleka kwenye kalvati. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliitengea barabara kuu mita 30 kila upande kutoka katikati, na hapo kwanza zilikuwa mita 22.5. Mita hizo zilizoongezwa zimewatia wengi uchungu, nami nauelewa, maana mwembe wa baba hauhamishiki. Ila wako wasemao, "Kama si pangu pa kujenga, basi si pangu pa kufyeka," na hao hao hupanda mahindi mtaroni!

Mimi nilizidi. Nikitaka mkokoteni upite, niliujaza mtaro mawe na udongo pasipo kuweka bomba chini. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, nikajisifu. Mvua za Desemba zilipokuja, maji yalifika kwenye kivuko changu yakakosa njia, yakajaa kurudi nyuma mpaka kwa jirani yangu wa upande wa juu, mama mjane. Ukuta wake wa matofali mabichi ukalainika chini, ukaanguka usiku. Hakuumia mtu.

Asubuhi akaja. "Mwangaluka, mwalimu." Nikaitikia. "Sikuja kudai ukuta. Nimekuja kuuliza: maji haya uliyakuta yakienda wapi?"

Nilikuwa na majibu tele: mtaro si wangu, wenye kazi ya kuusafisha hawajaja, mvua ni ya Mungu. Yote yalikuwa kweli, wala hakuna hata moja lililomjibu. Hakuniuliza mtaro ni wa nani. Aliniuliza nilikuta nini kikiendelea kabla sijatia mkono wangu, na swali hilo hati ya shamba hailijibu.

Nilifukua siku ile ile, na ukuta tuliusimamisha pamoja na wanawe. Bomba lilikuwa ghali kuliko nilivyodhani. Sasa kila Oktoba nashuka mtaroni na jembe kutoa mchanga, nikifyeka kupita mpaka wangu kuelekea kwake, na kijana wake hufyeka kuja kwangu. Yuko mmoja chini yetu ambaye angali akipanda mahindi humo. Tumekubaliana kumwendea kabla ya mvua, na mama ndiye atakayesema.