Frateri, Mwambie Mama ni ya Masomo



Mwezi Julai nilikuwa likizo nyumbani, Morogoro. Siku ya pili tu tangu nifike, mdogo wangu alinivuta nyuma ya nyumba, pale tunapofulia, akasema ana jambo. Nikadhani ni msichana. Kumbe ni laptopu.

Na siyo laptopu ya hivi hivi, ni ya gemu. Alimaliza kidato cha sita mwaka jana, chuo akaahirisha kwa sababu hela haikutosha, akapata kazi kwenye stationeri moja karibu na stendi, kupiga chapa na kutoa kopi. Kwa mwaka mzima aliweka shilingi 1,500,000. Aliniambia hiyo namba kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama. Oktoba anaanza chuo. Alikuwa ameangalia video za kulinganisha laptopu mpaka anazijua kwa majina kama sisi tunavyojua litania.

Halafu ndipo likaja lenyewe: "Kaka, mwambie mama ni ya masomo. Wewe ukisema ataamini, si frateri?"

Ndugu yangu unayesoma hapa, usicheke haraka. Jiulize wewe ungejibu nini. Kwa sababu ukiangalia neno kwa neno, hapo hakuna uongo. Anakwenda chuo kweli. Laptopu ataandikia kazi zake kweli. Kila sentensi ambayo ningemwambia mama ingepita salama kwenye mtihani wa mantiki. Mimi nimesoma falsafa miaka mitatu, ningeweza kuitetea hiyo kauli mbele ya jopo, na ndiyo sababu niliogopa. Elimu ikikaa vibaya kichwani inamfundisha mtu kudanganya bila kusema uongo.

Kanisa limeshakutana na jambo hili. Karne ya 17 kulikuwa na wanateolojia waliofundisha kwamba unaweza kusema nusu ya sentensi kwa mdomo na nusu nyingine ukaibakiza moyoni, na kwa kuwa Mungu anasikia zote mbili, basi hujadanganya. Blaise Pascal aliwadhihaki sana kwenye barua zake za miaka ya 1656 na 1657, na mwaka 1679 Papa Innocent XI akalikataa fundisho hilo. Katekisimu namba 2482, ikimfuata Mtakatifu Augustino, inaweka uzito kwenye nia ya kumpotosha mwenzako. Sasa nia yetu ilikuwa ipi? Kwamba mama aelewe kitu ambacho sicho. Tena awe ameelewa hivyo kwa sababu amemwamini mwanawe aliyemtoa kwa Mungu. Yaani ningekuwa nimeukodisha ufrateri wangu.

Nikamwambia mdogo wangu sitasema hivyo. Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Kwani kucheza gemu ni dhambi? Kama siyo dhambi, kwa nini naona aibu kusema?"

Aisee. Hapo nilinyamaza, kwa sababu tatizo lake halikuwa uongo peke yake. Chini ya ule uongo kulikuwa na kitu sisi vijana wa Kanisa tumelelewa nacho bila kuambiwa wazi, kwamba kila shilingi lazima ijitetee. Ukinunua kitu ni lazima kiwe cha masomo, cha kazi au cha utume. Cha furaha tu, hapana. Kwa hiyo tunavaa furaha zetu nguo za masomo ndipo tunaziruhusu zitoke nje.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino hakuona hivyo. Katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, anauliza kama kunaweza kuwa na fadhila katika michezo, na jibu lake ni ndiyo. Mwili ukichoka unapumzika, na roho nayo inachoka, pumziko lake likiwa ni kufurahi. Anasimulia habari aliyoipata kwa mababa wa kale, kwamba watu walimkuta Yohane Mwinjili akicheza na wanafunzi wake wakakwazika. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, halafu mwingine, halafu mwingine, kisha akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Yule akasema upinde ungevunjika. Yohane akajibu kwamba ndivyo ilivyo pia kwa roho ya mtu. Tena Tomaso anaendelea: asiyecheza kabisa, anayewaharibia wenzake furaha kwa uso wa kununa, naye anakosea. (Hapa nawafikiria baadhi ya wenzangu seminarini, lakini tuendelee.)

Ila anaweka mipaka. Mchezo usiwe wa aibu, usimfanye mtu apoteze utulivu wa nafsi yake, na ufae mtu, mahali na wakati. Tunaye hata mtakatifu wa kizazi chetu, Carlo Acutis, aliyefariki tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu Septemba 2025. Alikuwa na PlayStation yake kama kijana yeyote, na wanaosimulia maisha yake wanasema alijiwekea saa moja kwa wiki. Kwa hiyo swali la mdogo wangu lilipata jibu: dhambi haimo ndani ya gemu. Tulibaki na maneno ya Tomaso, mtu, mahali na wakati. Na wakati wenyewe ulikuwa huu: mdogo wetu wa mwisho, binti, amechaguliwa kidato cha tano shule ya bweni. Ada ni bure, lakini godoro siyo bure, wala tranka, sare na nauli. Mama alishapiga hesabu kwenye daftari lake la vikoba, kama 280,000, na alikuwa hajasema ataipata wapi.

Tulikwenda Kariakoo kuangalia bei tu. Tulipanda SGR alfajiri, saa tatu tuko dukani. Ile siku nilijifunza mengi.

Tulioneshwa mashine tatu. Ya kwanza mpya kabisa, kadi ya picha RTX 4050, milioni mbili na laki nane. Mdogo wangu aliishika kidogo akairudisha mezani kwa adabu. Ya pili iliyotumika, RTX 3050, muuzaji akasema 1,550,000 na "boss tunaongea". Ya tatu ilitoka kwenye ofisi huko Ulaya, Ryzen 5, haina kadi ya picha ya peke yake, inategemea ile iliyomo ndani ya prosesa. Hiyo 850,000.

Darasani tulibishana muhula mzima kuhusu jina na kitu chenyewe, kama majina ya jumla yanasimamia kitu halisi au ni sauti tu. Kariakoo nililiona hilo swali likiuzwa. Laptopu mbili zinaweza kuandikwa RTX 3050 zote, kibandiko kimoja, lakini moja kiwanda kimeipa kadi yake umeme wa wati 35 na nyingine wati 80. Jina lile lile, nguvu mbali kabisa. Kibandiko hakisemi. Inabidi uiwashe, ufungue programu ya NVIDIA, usome taarifa za mfumo. Mdogo wangu alifanya hivyo, muuzaji akaanza kumwita "mtaalamu". Kisha akaandika amri ya powercfg /batteryreport, ikaonekana betri imebakiwa na chini ya nusu ya uwezo iliozaliwa nao. Kumbukumbu ya kadi ilikuwa GB 4, na gemu nyingi mpya zinaimaliza hiyo mapema. Na laptopu ya gemu ukiichomoa kwenye umeme nguvu inashuka, betri haiwezi kuilisha. Chaja yake ni wati 180, ile ya ofisi wati 65. Sisi tunaonunua umeme wa LUKU kwa elfu mbili mbili tunajua maana yake.

Hapo ndipo nilikumbuka mafundisho ya busara. Tomaso anasema busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu na kuamuru. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye shauri miezi mitano, video juu ya video, kila moja ikimwongezea laki mbili kwenye bajeti. Mimi ugonjwa wangu ulikuwa kinyume. Nilikuwa nimehukumu kabla ya shauri. Kabla sijapanda treni nilishaamua moyoni kwamba atachukua ya ofisi, sababu ndiyo inayofanana na mtu mwema. Nilikuwa sijui hata wati ni nini kwenye kadi. Busara inadai pia unyenyekevu wa kufundishika, na siku ile mwalimu alikuwa yeye, mimi nimebeba begi.

Tulirudi bila kununua. Usiku, mezani, mama akauliza tulikwenda Dar kufanya nini. Mdogo wangu akanitazama. Nikasema: "Mama, anataka kununua laptopu. Ya kusomea ipo, lakini kubwa zaidi anataka ya kuchezea gemu."

Kimya. Mama alikusanya vyombo mwenyewe, jambo ambalo huwa hafanyi tukiwepo. Mdogo wangu akaondoka bila kuniaga, na kesho yake kutwa hakunisemesha. Nilijiona nimesema kweli, na nilikuwa nimeisema kweli. Lakini nilipokuwa nasali ilinijia kwamba ile kweli haikuwa ya kwangu. Ilikuwa yake. Angeweza kuisema mwenyewe kwa maneno yake, akaonekana mtu mzima mbele ya mama. Mimi nilimnyang'anya, nikaisema kama ripoti, nikabaki msafi. Niliwahi kufikiri kwamba ukishashinda uongo kazi imekwisha. Kumbe unaweza kuwa mkweli kwa ubinafsi. Nilimwomba msamaha. Akasema "poa". Siyo poa ya kweli, lakini nilipokea.

Siku ya tatu mama alikuwa anachambua mchele, akamwita, akauliza bila kuinua macho: "Hiyo ya bei ndogo haichezi mpira?"

"Inacheza mama, ila..."

"Ila nini?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Miaka mitatu ya falsafa na hilo swali sikuwa nimeliuliza! Gemu anazocheza kweli, na marafiki zake wa kweli, ni mbili: mpira na GTA V, ambayo ilitoka kwenye kompyuta mwaka 2015. Zote ile ya ofisi inazikubali ukipunguza ubora wa picha, hasa ukiweka RAM vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja, maana kadi ya ndani inakopa kumbukumbu humo. Iliyokuwa inadai RTX 3050 ni gemu ya tatu, ambayo hajawahi kuigusa. Ameiona ikichezwa na kijana mmoja wa YouTube kwenye chumba chenye taa za rangi. Yupo mwanafalsafa Mkatoliki, Mfaransa, René Girard, aliyesema tunatamani vitu kwa kuwa tumemwona mwingine akivitamani. Nilimsimulia mdogo wangu habari hiyo, akasema, "Sawa, na wewe ulipata wapi hamu ya upadre?" Nikamwambia tutaongea siku nyingine.

Alichukua ya ofisi. Akaongeza RAM. Laki mbili na themanini alimpa mama bila kuombwa, lakini sitaki mfikirie alitoa kama kwenye picha za watakatifu. Alitoa amenuna. Alihesabu mara mbili, akaiweka mezani, akatoka nje. Mama naye alizipokea bila hotuba. Binti ameondoka na godoro.

Kama alichagua sawa, bado sijui. Chuo anakwenda kusomea usanifu, na huko kuna programu za michoro zinazoweza kuihitaji ile kadi. RAM unaongeza baadaye, ila kadi ya picha kwenye laptopu nyingi haiongezeki, umeshanunua umeshanunua. Huenda mwaka wa pili atanilaumu, na atakuwa na haki. Wiki iliyopita alinitumia meseji yenye picha ya laptopu nyingine, RTX 4050, bila neno lolote.

Jambo moja sijalisema. Usiku wa mwisho wa likizo alinikaribisha mchezo mmoja. Mmoja tu. Alinifunga tatu bila, nikaomba marudiano, akanifunga tena, nikaomba tena. Mama alipita mara mbili kwenye korido na taa mkononi. Nilishinda saa nane na dakika ishirini usiku, moja bila, penalti. Masifu ya asubuhi niliyasali saa nne.