Mkutubi wa Serikali na Mipaka ya Utii

Mkutubi wa serikali, yaani mtaalamu anayeteua, kuainisha na kutunza vitabu na nyaraka kwa fedha za umma, hukabiliwa na swali la kale katika falsafa ya maadili, nalo ni iwapo utii wake ni haki ya mwajiri anayemlipa mshahara au ya msomaji ambaye huenda hajazaliwa bado. Nchini Tanzania swali hili lina sura ya kisheria, kwa kuwa huduma za maktaba za taifa ziliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kumbukumbu ya Uhuru. Taasisi hiyo ni chombo cha dola, wala hapana haja ya kujifanya vinginevyo.

Hata hivyo, utaratibu wa kuwataka wachapishaji wawasilishe nakala za machapisho yao kwa maktaba ya taifa hauulizi kama kitabu ni kizuri au kinaisifu serikali, hivyo hotuba ya waziri na kijitabu cha mpinzani wake huweza kuhifadhiwa chini ya paa moja. Hapa kuhifadhi hutangulia kuhukumu.

Uainishaji, yaani kukipa kila kitabu namba na mahali pake kwa kufuata maudhui, hauna usafi huo. Katika mfumo wa Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876 na unaotumika katika maktaba nyingi za umma za Afrika Mashariki, namba 220 hadi 289 zimetengewa Biblia na Ukristo, Uislamu umepewa 297, na dini za asili za Kiafrika zimebanwa ndani ya 299 pamoja na dini nyingine nyingi. Mwanafunzi wa ukutubi, kwa mfano katika chuo cha Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1989, hujifunza namba hizo kama ufundi wa kazi. Ingefaa ajifunze pia kuwa ndani yake mna hukumu kuhusu imani ipi ni kitovu na ipi ni pembezoni, hukumu iliyotolewa mbali sana na Pangani au Lamu.

Lakini namba mbaya hurekebishika, ilhali kitabu kilichochomwa hakirekebishiki, na tofauti hiyo ndiyo inayoweka mpaka wa utii. Mkutubi anayeamriwa kukiondoa kitabu katika rafu za wazi na kukifungia ghalani anaweza kutii huku akipinga kwa maandishi, kwa sababu amri hiyo inaweza kutenguliwa na serikali ijayo. Anayeamriwa kuiteketeza nakala ya mwisho hana ruhusa ya kimaadili ya kutii, hata kama barua ya amri ina muhuri na saini zote.