Hamu ya Kengele ya Moto

Katika mambo ambayo mwanadamu huyatamani baada ya kupita, mengi hayahitaji kutetewa. Hapana mtu aulizwaye kwa nini anakumbuka kwa mapenzi chakula cha mamaye, au ngoma ya harusi, au harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi. Lakini wako watu, hasa katika Marekani, ambao hamu yao imeshikamana na kitu cha ajabu: mlio wa kengele ya moto iliyokuwa ukutani mwa shule walizosoma. Wakiusikia mlio huo kwa bahati, nyoyo zao hulainika kama za watu waliopokea salamu kutoka mbali. Baadhi yao huzitafuta kengele hizo katika majengo yanayobomolewa, wakazisafisha, wakazifunga juu ya ubao, na kuzipa umeme ili zilie tena nyumbani mwao. Kengele hiyo ilitengenezwa ili kuogofya, na ilitundikwa pale kwa sababu watoto walikuwa wamekufa. Katika Collingwood, jimbo la Ohio, moto wa shule wa tarehe 4 Machi 1908 peke yake uliwaua watoto 172. Je, ni halali mtu kuupenda mwito wa hatari? Na akiupenda, ni nini hasa anachokipenda?

Kwanza yafaa kukijua kitu chenyewe. Kengele ya zamani ilikuwa bakuli la chuma na nyundo ndogo. Umeme ulipopita katika waya uliozungushwa, sumaku iliivuta nyundo. Nyundo ilipokwenda ilikata njia ya umeme, na kamani ikairudisha. Iliporudi umeme ulipita tena, ikavutwa tena, na hivyo mara nyingi kwa nukta moja. Shule nyingine hazikuwa na kengele bali honi, ambayo ndani yake bamba jembamba la chuma lilitetemeshwa kwa sumaku vile vile, likatoa sauti nzito ya kukwaruza. Kwa kuwa vyombo hivi vilifanywa kwa chuma na kupigwa kwa chuma, hapana viwili vilivyolingana kabisa. Kutu, vumbi, rangi iliyopakwa juu yake na ukumbi aliomo, vyote vilitia neno lao katika sauti. Mtu aliyesoma shule moja aliweza kuitambua kengele yake kama mtu atambuavyo kikohozi cha babaye.

Utofauti huo ulikuwa uzuri kwa sikio na kasoro kwa usalama, maana mgeni katika jengo hakujua kama alichosikia ni mwito wa moto au wa chakula. Kwa hiyo tangu mwaka 1996 kanuni ya Marekani ya ving'ora vya moto imetaka mitambo mipya ya kuwatoa watu majengoni ilie kwa utaratibu mmoja: milio mitatu, kisha kimya kifupi, kisha mitatu tena. Ni utaratibu wa busara. Hauna kikohozi cha baba wa mtu yeyote.

Neno ambalo Wazungu hulitumia kwa hamu ya namna hii lilizaliwa hospitalini, si katika ushairi. Mwaka 1688 mwanafunzi wa utabibu aitwaye Johannes Hofer, katika mji wa Basel, aliliunda kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja la kurudi nyumbani na moja la maumivu, akalipa jina hilo gonjwa lililowapata Waswisi waliokaa ugenini. Baada yake ilisimuliwa kuwa askari wa Kiswisi waliotumikia majeshi ya nchi nyingine walikatazwa kuimba wimbo wa wachungaji wa ng'ombe wa milimani kwao, maana waliousikia walilia, wakatoroka, au wakafa. Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, aliitazama habari hiyo akatoa hukumu yenye maana kubwa: nguvu hiyo haimo katika wimbo. Mgeni akiusikia haumtendi neno. Wimbo ni alama tu, na kinachomliza askari ni maisha yake aliyoyaacha nyuma ya alama hiyo.

Ikiwa ndivyo, basi swali la kengele lageuka. Nyuma ya mlio wa kengele ya moto kuna maisha gani?

Kwa aliye wengi, nyuma yake kuna mazoezi. Sheria katika majimbo mengi iliagiza watoto wafundishwe kutoka shuleni kwa utaratibu, si mara moja bali tena na tena katika mwaka. Basi katikati ya hesabu ya sehemu, au katikati ya aibu ya mtoto aliyesimamishwa na hana jibu, ukuta ulilipuka kwa sauti. Vitabu viliachwa wazi. Watoto walipanga mstari, wakashuka ngazi, wakatoka juani saa ambayo jua lilikuwa si haki yao. Mwalimu akahesabu vichwa. Kisha wote wakarudi, na hesabu ya sehemu ikawa imepoteza robo saa ya umri wake. Moto haukuwako. Mwezi uliofuata haukuwako tena. Mtu aweza kumaliza miaka kumi na miwili ya masomo akiwa amesikia kengele hiyo mara nyingi mno asiwahi kuuona moshi hata mara moja.

Hapa ndipo pana siri ya hamu hiyo, na si siri ya kupendeza sana. Kengele hupendwa na wale ambao haikuwaambia kweli. Iliwatishia na haikutimiza. Iliwapa mtikisiko wa hatari na jua la bure kwa pamoja. Ushahidi wake uko Uingereza. Ving'ora vilivyolia huko katika vita vya pili vya dunia vilikuwa na sauti ambayo kwa sikio lisilo na habari si mbaya: hupanda na kushuka kama pumzi ya mnyama mkubwa. Lakini waliokuwa watoto mjini London katika miaka ya 1940 na 1941, wengi wao walipousikia mlio ule katika uzee wao, hata katika mchezo wa filamu, miili yao ilishikwa na baridi. Kule kengele ilisema kweli.

Kadhalika katika Marekani yenyewe. Tarehe 1 Desemba 1958, mjini Chicago, moto ulianza katika pipa la taka chini ya ngazi za shule ya Our Lady of the Angels. Ulichukua roho za watoto 92 na watawa watatu waliokuwa walimu wao. Shule hiyo ilikuwa imekaguliwa wiki chache tu kabla, ikaonekana imetimiza yaliyoagizwa, kwa kuwa masharti makali zaidi ya mji ya mwaka 1949 hayakuyahusu majengo yaliyokuwako tayari. Kengele ilikuwako. Swichi zake zilikuwa mbili tu, zote upande wa kusini wa jengo, zimewekwa juu kwa kimo cha mtu mzima; na moto ulikuwa upande wa kaskazini. Tena kengele hiyo ililia ndani ya jengo tu. Haikuwa na waya uliofika kwa zimamoto. Ilipolia, ukumbi wa juu ulikuwa umekwisha jaa moshi, na katika vyumba vingine watoto walikuwa wamekwisha ambiwa wabaki vitini na kuomba.

Watu wa rika la watoto hao, waliokuwa katika shule nyingine siku hiyo hiyo, ni katika wale ambao leo huikumbuka kengele kwa utamu. Wala hawakosi. Walikuwa salama, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kuwa salama. Lakini hapana budi ionekane kuwa kilichozitenganisha kumbukumbu mbili hizi si kengele. Kengele zilikuwa za namna moja, na pengine za kiwanda kimoja. Kilichozitenganisha ni mahali swichi ilipowekwa, mlango wa ngazi uliokuwako au ambao haukuwako, na waya uliofika au haukufika.

Liko jambo jingine ambalo hamu hii inalibeba, nalo ni zito kuliko jua la bure. Kengele ya zamani ilikuwa na maana moja: toka. Mtoto hakutakiwa kufikiri. Utii wake ulikuwa ndio akili yake yote, na ulitosha. Tarehe 24 Machi 1998, katika mji wa Jonesboro, jimbo la Arkansas, wavulana wawili, mmoja wa miaka 13 na mwingine wa miaka 11, waliutumia utii huo. Mmoja aliivuta kengele ya moto ya shule yao, kisha wakawapiga risasi waliotoka kwa mstari kama walivyofundishwa. Wasichana wanne na mwalimu mmoja walikufa. Miaka ishirini baadaye, tarehe 14 Februari 2018, katika shule moja ya Parkland, jimbo la Florida, kengele ya moto ililia kwa sababu ya bunduki yenyewe, na wanafunzi waliodhani ni mwito wa kawaida walitoka vyumbani, hali zoezi la moto lilikuwa limefanywa asubuhi ya siku ile ile. Watu 17 waliuawa. Tangu hapo mtoto wa Marekani asikiapo kengele hujiuliza kwanza: kutoka au kujificha? Mwalimu wake naye hujiuliza.

Hasara hii haionekani katika hesabu ya wafu. Ni hasara ya amana. Mwito ulioweza kutiiwa bila shaka umekuwa mwito wa kuchunguzwa, na muda wa kuchunguza ndio muda ambao moto huutaka. Mtu mzima anayetamani kengele ya utoto wake aghalabu hajui kuwa hilo ndilo analolitamani, na akiambiwa huenda akakana. Lakini hamu yake ina haki katika jambo hili kuliko katika jingine lolote, maana amana ile kweli ilikuwako, na kweli imekwenda. Tatizo ni kwamba ilikuwako hata Chicago, upande wa kaskazini, ghorofa ya juu. Watoto wale nao waliiamini kengele yao. Amana ya mtoto haipimi waya. Kuupima ni kazi ya mkubwa.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki aweza kuona habari hizi kuwa za mbali. Kengele anayoikumbuka yeye ni kipande cha reli au ringi ya gurudumu iliyotundikwa mwembeni, na mpigaji wake alikuwa mwanafunzi wa zamu. Chuma hicho kimoja kiliita watu darasani, mezani, na penye hatari, na kina wapenzi wake wengi. Lakini moto katika shule za pande hizi umekuja mara nyingi usiku, katika mabweni, saa ambayo mpiga kengele naye amelala. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli karibu na Machakos, wavulana 67 walikufa katika bweni lililotiwa moto, ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yana nondo. Baadaye, mwaka 2008, wizara ya elimu ya Kenya ilitoa kitabu cha masharti kinachokataza nondo katika madirisha ya bweni na kutaka milango ifungukie nje. Tarehe 5 Septemba 2024 wavulana 21 walikufa kwa moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Kuwa na hamu ya kengele ya moto, hata ile iliyodanganya, kwahitaji kwanza kuwa na kengele ya moto, na pili kuwa na mlango wa kutokea. Ni hamu ya watu waliopewa.

Hiyo si sababu ya kuwalaumu. Lawama yafaa kwa namna moja tu ya hamu hii, ile inayotaka chombo cha zamani kirudishwe ukutani kwa kuwa sauti yake ni nzuri, na kukitukana kipya kwa kuwa hakina moyo. Sauti ya kengele ya moto haihukumiwi kwa utamu, bali kwa watu wanaoamka. Na hapo uchunguzi umeleta jambo la kushangaza kidogo: Dorothy Bruck na wenzake wa Melbourne walionyesha, katika miaka ya 2000, kuwa mlio mwembamba mkali wa ving'ora vya kawaida huwaacha watoto wengi wamelala, na kuwa mlio mzito, wa mitetemo kama 520 kwa nukta, huwaamsha vizuri zaidi. Kanuni ya Marekani sasa inautaka mlio huo mzito katika vyumba vya kulala. Si honi ya zamani iliyorudi. Utaratibu wake ni ule ule wa milio mitatu na kimya. Wapenzi wa honi waruhusiwe kutabasamu, mradi wasidai kuwa walijua.

Mtu anayeitundika kengele kuukuu nyumbani kwake hujua mengi juu yake: kiwanda, mwaka, nguvu ya umeme inayoitaka. Angeweza kuuliza pia ilikotoka, ilikuwa na waya mpaka wapi, na katika shule ile milango ilifungukia upande gani. Na mtoto aliyeketi darasani leo, anayeziba masikio kwa vidole kila milio mitatu ikija na kuuchukia mtambo ule kwa dhati, baada ya miaka thelathini huenda akausikia mahali kwa bahati akasimama, uso wake ukalainika, ikiwa katika miaka yote ya masomo yake mtambo huo haukuwahi kusema kweli.