Pikipiki, Kamera na Idhini ya Mwenye Sura

Vijana wa darsa letu hapa Bumula wametuuliza suala ambalo twaona lafaa kujibiwa kwa maandishi, kwani wanaolihitaji jawabu lake si wao peke yao. Vijana hawa wana pikipiki zao. Siku za kazi huzitumia kuchukua abiria na mizigo, na siku moja moja ya mapumziko hutoka pamoja kwa ajili ya furaha tu. Mara huenda Webuye kuyatazama maporomoko ya Nabuyole katika mto Nzoia. Mara hufika Kitale na kuingia mbuga ya Saiwa. Mara hupanda kuelekea mlima Elgon kwa njia ya Kapsokwony. Njiani hupiga picha kwa simu na kwa kamera, wakazipeleka kwa jamaa na marafiki. Mmoja wao ameunga kigari ubavuni mwa pikipiki yake, na humo huketi mkewe na mtoto wao. Wanauliza: je, mambo haya yana ruhusa, au ni mchezo wa kupoteza umri?

Wako waliokwisha kuwajibu kabla yetu. Wamewaambia kuwa mchezo ni haramu na picha ni haramu, basi kukusanya haramu mbili juu ya magurudumu mawili ni balaa kubwa. Jawabu hili ni jepesi kwa mwenye kulitoa, kwani halimtaki afikiri wala afungue kitabu. Nasi hatulikubali. Lakini pia hatusemi wafanye wapendavyo, maana katika matembezi yao limo jambo moja zito ambalo wao hawakuliuliza, wala waliowakataza hawakuliona.

Ama matembezi yenyewe, hatuoni ubaya wake. Mtume wetu (S.A.W.) aliwashindanisha watu kwa farasi, na Bukhari amepokea kuwa farasi waliofanyiwa mazoezi waliwekewa masafa yao kuanzia Hafya mpaka Thaniyatul-Wadaa, na Abdallah bin Umar alikuwa miongoni mwa waliopanda. Naye Sahaba Handhala alipojishitaki kuwa amekuwa mnafiki, kwa kuwa moyo wake ukiwa mbele ya Mtume ulikuwa na hali moja, na akicheza na mkewe na watoto ulikuwa na hali nyingine, hakukaripiwa. Aliambiwa kuwa kila saa ina lake. Na Qur'ani imetuhimiza zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi na tutazame. Atazamaye mto Nzoia ukianguka juu ya majabali asimkumbuke aliyeuumba, kasoro ni ya moyo wake. Pikipiki haina hatia.

Juu ya hatari ya mwendo hatutasema mengi. Roho ni amana, na sheria ya barabara iliyorekebishwa mwaka 2012 imemtaka mpanda pikipiki avae kofia ngumu na koti la kung'aa, na achukue abiria mmoja tu. Anayeivunja sheria hii kisha akasema ametawakali, amelionea neno tawakali. Kigari cha ubavuni nacho tumekipenda, maana starehe yenye nafasi ya mke na mtoto ni bora kuliko ya mtu kukimbia peke yake, ilimradi kimeungwa na fundi ajuaye kazi. Huko Mangochi, nchini Malawi, ambako Waislamu wa Kiyao ni wengi, vigari kama hivi viliwekwa katika vituo vya afya vya mashambani mwaka 2001, vikawachukua wanawake wenye uchungu wa kuzaa mpaka hospitali. Wenye mali katika jamaa zetu wangelifikiri hilo.

Sasa tuje kwenye kamera, na hapo ndipo penye uzito.

Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya picha ya kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri na akafariki mwaka 1935, aliandika risala nzima kueleza kuwa picha hiyo si kuumba bali ni kukizuia kivuli kilichokwishaumbwa na Mungu, basi haingii katika makatazo ya wachongaji na wachoraji. Wengine wamemkatalia. Sisi twaona hoja yake ina nguvu, na dunia ya leo, yenye vitambulisho na pasi za safari, haiwezi kwenda bila ya picha. Lakini jambo kuwa halali kwa asili yake hakumpi mtu ruhusa ya kulifanya juu ya haki ya mwenziwe. Kisu ni halali, na mbuzi ni halali. Mbuzi wa jirani je?

Kamera asili yake ni tundu. Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefariki Misri yapata mwaka 1040, ndiye aliyechunguza kwa makini jinsi mwanga wa jua lililopatwa unavyopita katika tundu dogo na kuichora sura yake upande wa pili. Na katika hadithi sahihi imo habari ya mtu aliyechungulia kwa tundu ndani ya chumba cha Mtume, naye Mtume ana kichanuo mkononi. Mtume alimkemea mtu yule kwa ukali mkubwa, akabainisha kuwa kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya jicho. Tuzingatie maneno haya. Mtu yule hakuiba kitu wala hakuingiza mguu wake ndani. Aliingiza jicho tu, na jicho likahesabiwa kuwa limeingia. Je, jicho lisilosahau, linaloweza kuwaingiza na watu elfu nyuma yake, halihitaji idhini?

Tutoe mfano wa hapa kwetu. Wabukusu huwatahiri vijana wao mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa. Kijana hupakwa tope la mtoni alfajiri, akarudishwa uani kwao huku watu wakiimba, akasimama mbele yao pasi na kupepesa jicho. Siku hizo njia za Bumula hujaa pikipiki, na kamera hunyoshwa juu ya vichwa vya watu. Mtoto wa miaka 10 au 14 hupigwa picha akiwa uchi, katika saa ngumu kuliko zote alizopata kuziona, na kabla jua halijapanda picha yake imekwishafika Nairobi na Ughaibuni, mikononi mwa watu wasiomjua jina.

Vijana wetu husema: jambo hili hufanywa hadharani, na kinachofanywa hadharani hakina siri. Hoja hii twaikataa kwa desturi yenyewe ya Wabukusu. Kijana yule, kabla ya siku yake, amezunguka na njuga zake mikononi, nyumba hata nyumba, akiwaalika jamaa. Amekwenda kwa mjomba wake akachinjiwa, akavishwa kipande cha nyama shingoni. Basi walio uani ni watu aliowaita yeye kwa miguu yake mwenyewe. Yule wa Nairobi amemwalika nani? Ua ule hauna ukuta, lakini una mlango, na mlango wake ni ule mwaliko.

Wako watakaosema kuwa hiyo si mila ya Kiislamu, kwa nini tuilindie heshima? Watu hawa wamesahau kuwa Mtume alilisimamia jeneza la Myahudi, na alipoulizwa alijibu kuwa huyo naye ni nafsi. Na uchi wa mtoto ni uchi, awe wa nani. Isitoshe, wengi wetu Waislamu wa hapa tu Wabukusu, na kijana yule ni mtoto wa shangazi.

Vivyo hivyo huko mlimani. Apandaye Elgon kwa matembezi huona misitu na mapango. Lakini kati ya mwaka 2006 na 2008 watu wa mlima ule waliuawa na kupotezwa katika vita vya ardhi, kwanza na wanamgambo kisha katika operesheni ya jeshi, na wako wake ambao mpaka leo hawajui waume zao wamezikwa wapi. Mama akaaye mlangoni pake akitazama njia, mpita njia humwona ni picha nzuri. Ashuke, azime injini, atoe salamu, aombe. Akikataliwa, aondoke kwa salamu ile ile.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitaja haki ya faragha, na sheria ya kulinda habari za watu imepitishwa mwaka 2019. Hizo ni nzuri, lakini askari hatakuwapo kila uani, na Mwislamu haongojei askari.

Kijana mmoja alitukabili akasema kuwa watoto wenyewe hupenda kupigwa picha, hata huomba. Ni kweli. Lakini idhini ya mtoto si idhini, wala mzazi hana mamlaka ya kuutoa uchi wa mwanawe kwa walimwengu, kama asivyokuwa na mamlaka ya kuuza shamba la yatima. Apigwe akiwa amevaa, na njuga zake, wazazi wakiridhia, kisha nakala ipelekwe nyumbani kwao. Tumeona nyumba nyingi ambazo wageni wamechukua picha zao miaka na miaka, na wenyewe hawana hata moja ya marehemu wao.

Na zilizokwishapigwa? Za uchi zifutwe leo. Aliyezituma kwa watu awaandikie mmoja mmoja wazifute, kisha aende kwa baba wa kijana, si kwa simu bali kwa miguu, aombe radhi. Za akina mama wa mlimani zirudishwe kwao wakaulizwe. Ama za Nabuyole, hizo wazihifadhi, na wakipenda watuletee darsani tuzione.